Nani kasema wasichana wa chuo hawataki michezo?

Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe waliifunga klabu ya AS FAR bao moja kwa bila kule El Jadida, Moroko, wakaleta Lubumbashi kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake. Wanaume wa klabu hiyo walikwisha kulibeba lao mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mji unaojua mpira namna hiyo haukuhitaji kufafanuliwa maana ya ushindi wa mabinti zake. Lakini ingia jioni kwenye kampasi yoyote ya mji huu, uliza kwa nini viwanjani wamejaa vijana wa kiume huku wasichana wakipita kando na mafaili yao kifuani. Utajibiwa haraka, tena bila ubaya wowote: "Wale hawapendi michezo. Wangependa, wangekuja."

Maneno hayo yanasikika kama taarifa ya mtu aliyejionea. Ukiyafungua utakuta madai matatu yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni nani anacheza leo, na hilo utalihesabu mwenyewe ukikaa pembeni ya kiwanja na daftari. La pili ni nani anatamani kucheza. Hapo macho hayatoshi, lazima uulize. La tatu ni nani angecheza kama kungekuwa na timu, kocha, saa inayofaa na mahali pa kubadilishia nguo. Hapo hata kuuliza ni kazi, kwa sababu unamwomba mtu akueleze hamu ya kitu ambacho huenda hajawahi kukiona kikimhusu. Wengi wetu tunaona la kwanza, kisha tunakata hukumu ya la tatu.

Iko nchi ambayo imebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka hamsini, mahakamani na serikalini. Ni Marekani. Siwataji kama walimu wetu. Michezo ya vyuo vyao ina fedha na televisheni ambazo sisi hatuna, na sidhani tunazihitaji. Nawataja kwa sababu walijaribu kuipima hamu kwa hojaji, wakakosea kwa namna inayofundisha, na kila hatua ya kosa hilo imeandikwa.

Tarehe 23 Juni 1972 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya elimu ambayo sehemu yake ya tisa, maarufu kama Title IX, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Miongoni mwa walioipigania bungeni alikuwa Patsy Mink wa Hawaii, na mwaka 2002, alipofariki, sheria ikapewa jina lake. Kiini chake ni sentensi moja tu, wala haitaji michezo. Hata hivyo ni kwenye michezo ndiko ilikozua kelele nyingi, na sababu yake ni rahisi kuiona. Darasani, ukishafungua mlango, msichana anakaa kwenye benchi lile lile na mvulana. Kwenye michezo, timu zimetenganishwa tangu mwanzo, kwa hiyo chuo chenyewe ndicho kinachoamua upande huu upate nafasi ngapi na upande ule ngapi. Mtu fulani amekaa ofisini akapanga idadi, hata kama hakumbuki tena lini aliipanga.

Mwaka 1979 serikali yao ikatoa ufafanuzi wenye njia tatu za kujua kama chuo kinawatendea haki wanawake. Chuo kikifaulu njia moja, kimefaulu. Njia ya kwanza ni ya hesabu: kama wanawake ni nusu ya wanafunzi, wawe karibu nusu ya wanamichezo. Ya pili inatazama mwendo: chuo kionyeshe kwamba kimekuwa kikiongeza nafasi za jinsia iliyo nyuma, na bado kinaendelea kuongeza. Ya tatu ndiyo iliyozaa hojaji. Kwa njia hiyo, chuo kinaweza kuwa na wanawake wachache sana kwenye timu na bado kikawa hakina hatia, mradi kithibitishe kwamba wanawake wenye hamu na uwezo wameshapewa nafasi zote wanazohitaji.

Uthibitishe vipi? Hamu haina mizani. Na chuo chenye bajeti finyu kinaitazama njia hii ya tatu kwa jicho la pekee, maana ya kwanza na ya pili zinadai fedha, wakati hii inadai karatasi tu.

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Brown, katika jimbo la Rhode Island, kiliondoa fedha zake kwenye timu nne ili kubana matumizi: voliboli na jimnastiki za wanawake, gofu na polo ya majini za wanaume. Mbili kwa mbili; ukitazama haraka utasema haki imetendeka. Wanawake wakaenda mahakamani, na kesi ikaitwa Cohen dhidi ya Chuo Kikuu cha Brown. Hesabu za mwaka wa masomo 1993–94 zilionyesha kwamba wanawake walikuwa kiasi cha 51% ya wanafunzi lakini 38% tu ya wanamichezo. Kupunguza mbili kwa mbili kutoka kwenye mizani iliyokwisha kuinama kunaiacha imeinama vile vile.

Utetezi wa chuo ndio unaotuhusu. Walisema wanaume wana hamu kubwa ya michezo kuliko wanawake, kwa hiyo wakipata nafasi nyingi zaidi, huo si ubaguzi bali ni kugawa kwa kadiri ya hamu ya kila upande. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliikataa hoja hiyo, na sababu iliyotoa ingefaa kubandikwa kwenye kila ofisi inayotaka kuchapisha hojaji: ni nadra hamu na uwezo kukua mahali patupu, hukua kwa kufuata nafasi ambazo mtu amepata na mambo aliyoyapitia. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikakataa kuifungua kesi tena mwaka 1997, na mwaka 1998 pande mbili zikaafikiana kwamba pengo kati ya asilimia ya wanawake chuoni na asilimia yao kwenye timu lisizidi pointi 3.5.

Mama anayeuza vitenge sokoni analijua jambo hili bila mahakama. Hawezi kusema wateja hawaitaki rangi fulani ikiwa hajawahi kuitundika. Akiwauliza "mnaitaka?" wengi watamtazama tu, kwa sababu hawana picha yake kichwani. Akiitundika wiki mbili, ndipo atajua.

Sasa tufike kwenye hojaji yenyewe. Tarehe 17 Machi 2005, ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu ya Marekani ilitoa mwongozo mpya pamoja na mfano wa hojaji. Chuo kingeweza kuituma kwa barua pepe kwa wanafunzi wote. Iliwauliza kuhusu hamu, kuhusu uzoefu waliokuwa nao na kuhusu uwezo wao. Kama majibu hayakuonyesha wanawake wa kutosha kuunda timu, chuo kilichukuliwa kuwa kimetimiza wajibu wake, na kazi ya kuthibitisha kinyume ikabaki kwa wanafunzi. Halafu, ndani ya maelezo ya matumizi, kulikuwa na kanuni iliyowasha moto: mwanafunzi aliyepelekewa hojaji kwa utaratibu uliotakiwa asipojibu, kimya chake kiliruhusiwa kusomwa kama kukosa hamu.

Chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kiliwahimiza wanachama wake wasiitumie. Tarehe 20 Aprili 2010 wizara ikaufuta mwongozo huo. Makamu wa Rais Joe Biden ndiye aliyetangaza. Hojaji yenyewe haikupigwa marufuku. Ilirudishwa mahali pake kama kiashiria kimoja kati ya vingi: maombi ya wanafunzi wanaotaka timu mpya, vilabu vinavyojiendesha vyenyewe, mechi za ndani ya chuo, maoni ya makocha, michezo inayochezwa kwenye shule za sekondari za eneo hilo na kwenye ligi za mtaani.

Kwa nini kusoma kimya kama "hapana" kuliwachukiza watu kiasi hicho? Tuchukue mfano wa kubuni. Kampasi ina wanafunzi wa kike 4,000. Umepeleka kiungo cha hojaji kwenye makundi ya WhatsApp ya kila promosheni, yaani kila darasa la mwaka mmoja. Baada ya wiki wamejibu 400, na kati yao 100 wamesema wangependa kucheza voli. Nani anataka voli hapo? Ukigawa kwa waliojibu, ni robo nzima, 25%. Ukigawa kwa wote, kana kwamba 3,600 walionyamaza wamekataa, ni 2.5%. Data ni ile ile, na tofauti kati ya namba hizo mbili ni mara kumi. Zote mbili zina walakini. Ya kwanza inadhani walionyamaza wanafanana na waliojibu, wakati huenda waliojibu ndio wapenzi wa michezo. Ya pili inadhani aliyenyamaza amefikiri, akaamua, akakataa. Mtu anayeishi hapa anajua kimya hicho kinatoka wapi: mega za intaneti zimekwisha, umeme umekatika na simu imezima, ujumbe umezikwa chini ya matangazo ya mitihani, au dada ameuona akajisemea kwamba atajibu kesho. Kwenye nchi yenye intaneti katika kila chumba cha bweni kanuni ile ilikuwa mbaya. Lubumbashi ingekuwa kichekesho.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, ambalo wabishi wengi wa pande zote mbili hulipita. Timu haiundwi kwa asilimia. Voli inahitaji wachezaji sita uwanjani, na ukiwa na kumi na wawili au kumi na wanne una timu kamili na wa akiba. Basketi ni watano uwanjani. Handiboli saba. Kwa hiyo swali la kweli kwa hojaji ni "je, wapo kumi na wanne?", na hilo ni swali la idadi. Katika mfano wetu wamepatikana 100. Hata kama wale 3,600 wote wangekuja mmoja mmoja kuapa kwamba wanachukia mpira wa wavu, wale 100 wangebaki kuwa 100, na wangetosha kwa timu kadhaa.

Matokeo yake ni kwamba hojaji ina nguvu upande mmoja tu. Wanaosema "ndiyo" wakifikia idadi ya timu, umepata uthibitisho, hata kama walioitikia hojaji walikuwa wachache. Wakiwa pungufu, hujathibitisha lolote bado. Umejua tu kwamba njia uliyoitumia haikuwafikia, au haipo hamu, na hojaji yenyewe haina uwezo wa kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo maana naiona kuwa chombo cha kufungulia mlango, kisichofaa kuufungia. Anayeitumia kufuta timu au kukataa kuianzisha anaidai kazi ambayo haikuumbiwa.

Wanaoitetea hojaji wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Wanasema kugawa nafasi kwa hesabu ya jinsia tu ni kuwafanya wanawake namba, bila kuwauliza wanataka nini. Na kwamba kule Marekani vyuo vingine, badala ya kuongeza timu za wanawake, vilifuta timu za wanaume ili mizani ikae sawa. Makocha wa mieleka walilalamika sana kuhusu hilo. Ni kweli kwamba kuuliza ni heshima. Lakini mimi nina swali dogo la kuwarudishia: timu ya mpira ya wavulana, pale chuoni kwenu, ilianzishwa kwa hojaji ya mwaka gani? Hakuna aliyewahi kuwauliza wavulana kama wana hamu ya kutosha. Walipewa mpira, wakaja. Anayeombwa kuthibitisha hamu kabla ya kupewa kiwanja ni msichana peke yake.

Sasa turudi kwetu. Sheria zipo. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliridhia mwaka 1986 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kufuta ubaguzi wote dhidi ya wanawake, na kifungu cha 10 cha mkataba huo kinataja waziwazi nafasi zile zile za kushiriki katika michezo na elimu ya viungo. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 14, inaipa serikali wajibu wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake katika kila nyanja. Kuna sheria ya michezo ya 24 Desemba 2011, kuna sheria ya haki za mwanamke na usawa ya 1 Agosti 2015. Maneno yake ni mapana na mazuri. Hakuna hata moja inayoiambia kamati ya michezo ya chuo wasichana wapewe kiwanja saa ngapi siku ya Jumatano, na vita vya kila siku viko hapo.

Kwa sababu hiyo, ningeanza kwa kukiuliza kiwanja kabla ya kuwauliza wasichana. Chukua wiki moja ya kawaida, mbali na mitihani. Andika kila saa ya kiwanja ilitumiwa na nani. Andika mipira mingapi ipo na inakaa kwa nani, kocha yupi analipwa au kupewa walau nauli, na fedha za safari za mechi zilikwenda kwa timu gani. Kama ndani ya minervali, yaani ada ya chuo, kuna kipengele cha michezo, basi kila msichana anakichangia sawa na kaka yake, na ana haki ya kujua mchango wake unacheza wapi. Daftari hili halihitaji mtaalamu wa takwimu. Nimeona mabishano marefu kuhusu hamu ya wasichana yakinyamaza mara moja mtu anapofungua ratiba ya kiwanja na kuonyesha kwamba saa zao hazipo.

Ndipo hojaji ifuate, na hapa mambo madogo yana uzito mkubwa.

Karatasi itashinda kiungo cha simu. Chagua promosheni kwa kura, za fakulte mbalimbali, kisha uingie kwenye ukumbi siku ya somo ambalo wengi hawakosi, ukamwomba profesa dakika kumi na tano, kila mtu ajaze na kurudisha pale pale. Watu 600 waliochaguliwa kwa kura watakueleza habari za chuo vizuri kuliko 3,000 waliojileta wenyewe, kwa sababu miongoni mwa wale 600 wamo pia wavivu wa kujibu, wenye haya, na wasio na simu. Jibu la mtu ambaye hangejisumbua kukujibu ndilo hasa unalolitafuta.

Anayesimama mbele naye anahesabika. CP, yaani kiongozi wa promosheni, akiwa kijana wa kiume mcheshi, akauliza kwa sauti, "Wasichana, nani anataka kucheza mpira? Inueni mikono!", tayari kazi imeharibika, kitakachopimwa ni nani anastahimili kuchekwa. Mwanamke agawe karatasi, zijazwe kimya, zikunjwe. Na wavulana wajaze ile ile, neno kwa neno. Kwanza utapata cha kulinganisha. Pili, utagundua jambo ambalo hutajwa mara chache: wavulana wengi nao hawachezi chochote, wanakaa pembeni kutazama.

Swali la kwanza lisiwe "unapenda michezo?" Karibu kila mtu atasema ndiyo, kama vile atakavyosema anapenda amani. Anza na maisha ya mtu: ulicheza nini shule ya msingi, ulicheza nini sekondari, uliacha ukiwa darasa gani, kwa nini? Hapo ndipo utajiri ulipo. Msichana aliyecheza handiboli hadi mwaka wa tatu wa sekondari akaacha kwa sababu nyumbani walisema aje apike mapema hana tatizo la hamu, ana tatizo la saa. Aliyeacha kwa sababu kanisa lao halikubali suruali ana tatizo la nguo, na nguo hujadilika. Aliyeacha kwa sababu ya maneno ya kocha, au mikono ya kocha, ana tatizo ambalo hakuna mpira mpya utakaolitatua. Kwa hilo la mwisho karatasi iwe na nafasi ya kulisema bila kulazimisha, na kabla ya kuichapisha chuo kiwe kimeshajua kitalifikisha kwa nani. Kumwomba msichana aseme, kisha usiwe na la kufanya, ni vibaya kuliko kutouliza.

Baada ya hapo weka orodha ya michezo, na uwe mwangalifu na orodha yenyewe. Ukiandika mpira wa miguu, basketi, voli, handiboli na judo, umepima hamu ya michezo iliyoletwa na shule na misheni. Iko wapi nzango? Mchezo ule wa wasichana wa Kongo zote mbili, timu mbili zikitazamana, kuimba, kupiga makofi, kuruka na kutoa mguu, pointi zikihesabiwa kwa miguu kufanana au kupishana, una kanuni rasmi leo na ulichezwa kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015. Wanawake wengi waliokulia Kongo wameucheza uani bila kocha wala jezi. Hojaji isiyoutaja itawaandika wanawake hao kuwa watu wasio na historia ya michezo. Acha pia mistari mitupu chini ya orodha, kwa yale ambayo wewe mwandishi hukuyafikiria.

Kisha ongeza swali ambalo hojaji ya 2005 haikulipa uzito: "Je, ungependa kujifunza mchezo ambao hujawahi kuucheza, ukifundishwa tangu mwanzo?" Chuo cha Marekani kinatafuta wachezaji walioiva kwa ajili ya mashindano. Chuo cha Lubumbashi, ambapo sekondari nyingi hazina hata wavu, kikidai uzoefu kwanza kitakuwa kinawaadhibu wasichana kwa umaskini wa shule walizotoka.

Uliza saa. Jua la Lubumbashi halichelewi kuzama, giza linaingia saa kumi na mbili na kitu, na mazoezi ya wavulana huanza masomo yanapokwisha. Msichana anayerudi nyumbani mitaa ya Katuba au Ruashi ana usafiri wa kutafuta wakati huo huo. Mpe machaguo halisi: asubuhi kabla ya masomo, saa sita, Jumamosi asubuhi, jioni. Jibu moja la swali hili linaweza kubadilisha mengine yote, maana wapo wengi ambao "hapana" yao ni ya jioni tu.

Kuna fundo moja ambalo halifunguki kirahisi. Ili mtu aseme ukweli, karatasi isiwe na jina. Ili timu iundwe, unahitaji jina na namba ya simu. Suluhisho ninalolipendelea ni karatasi mbili: ya kwanza bila jina, ikitumbukizwa kwenye sanduku lake, ya pili ndogo, kwa anayetaka tu, yenye jina, mchezo na namba, ikienda sanduku jingine. Zisiunganishwe kamwe. Ile ndogo ishikwe na mtu mmoja anayejulikana, na ichanwe timu zikishaundwa. Kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu ningeshauri hata hiyo ya pili waiache. Tangu miji hiyo ilipotwaliwa na waasi wa M23, Januari na Februari 2025, orodha ya majina ya vijana na namba zao ni kitu ambacho mtu mwenye busara hakikusanyi bila ulazima. Huko ni afadhali kutangaza siku na mahali, atakayekuja aje.

Matokeo yakishapatikana, yabandikwe kwenye valvu, ubao wa matangazo wa chuo, kama matokeo mengine yote, na yabandikwe pamoja na namba tatu: karatasi ngapi zilitolewa, ngapi zilirudi, ngapi zilisema ndiyo kwa kila mchezo. Asilimia isiyoonyesha imegawanywa kwa nini ni porojo. Na chini ya matokeo iandikwe hatua: mchezo upi unaanza, siku gani, kiwanja kipi, nani anafundisha. Kama hatua haipo, mwakani wasichana watairudisha karatasi tupu, na mtu atasema tena kwamba hawapendi.

Timu mpya ipewe muhula mzima kabla ya kuhukumiwa, na mahudhurio yaandikwe kila wiki. Wakija kumi na wanne wiki ya kwanza, wakabaki tisa wiki ya sita, usikimbilie kuandika ripoti. Watafute wale watano walioacha, uwaulize faraghani kilichowatoa. Wao sasa wameonja, na wanajua kama ni saa, ni nauli, ni kocha, au ni mchezo wenyewe haukuwapendeza. Hata hilo la mwisho ni jibu halali, na ni la kwanza ambalo mtu anaweza kulitoa akijua anachokataa.